Barafu Zilizokataa Kuganda

Wiki jana nilipata ujumbe kwamba Mama Purity amefariki. Aliyenitumia ni mtu tuliyekaa naye ploti moja kule Kitengela, na chini ya ujumbe aliweka picha ya mikono inayoomba. Nilikuwa jikoni nikiloweka ukwaju, niwatengenezee watoto wangu barafu za siku hizi za jua kali. Nikausoma ule ujumbe, nikaweka simu kando, nikarudi kuufikicha ukwaju wangu. Najua tunaambiwa marehemu hasemwi vibaya. Mimi nitamsema. Kinachoniudhi ni kwamba amekufa kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu, kama mtu mwema.

Ukwaju ukishalowa kwenye maji moto hutoa harufu yenye uchachu na utamu pamoja, harufu ya kufanya mate yajae mdomoni kabla hujaonja. Chumba chetu kizima kilinuka hivyo nilipokuwa na miaka tisa. Tulikaa kwenye ploti ya mabati, vyumba vinane vimeangaliana, na ikifika Januari yale mabati yalikuwa yakilia yenyewe kwa joto. Mama alikuwa akiletewa ukwaju na maembe kutoka kwa nyanya, Makueni, ndani ya gunia lililoshonwa kwa kamba ya katani. Jioni aliloweka. Asubuhi alifikicha kwa mkono mpaka kokwa zikabaki tupu, akachuja kwa kitambaa cheupe ambacho hakikuruhusiwa kufanya kazi nyingine yoyote, akatia sukari, akaonja, akafumba jicho moja, akaongeza sukari. Maembe aliyaponda yakawa uji mzito. Halafu kazi yangu ilianza: kushika mdomo wa vile vikaratasi vyembamba vya nailoni huku yeye akimimina kwa kikombe, akaminya hewa itoke, akafunga fundo.

Ladha ilianzia kwenye maji. Maji ya kisima cha ploti yetu yalikuwa ya chumvi, si chumvi ya kutia kwenye mboga, bali ile ya ardhini yenye uchungu kidogo, inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika na kuyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Sabuni haikutoa povu kwayo. Ukitengenezea barafu, hata uweke sukari ya duka zima, ulimi utaikuta ile chumvi mwishoni. Kwa hiyo mama alinunua maji tamu, na maji tamu yaliletwa na mama mmoja Mmaasai tuliyemwita Yieyo Sein, yaani mama yake Sein.

Yieyo Sein alikuja na punda wawili waliobeba mitungi minne. Aliyateka maji hayo mbali, kwenye chemchemi ambayo sikuwahi kuiona. "Takwenya," alimsalimu mama. "Iko," mama akajibu, kwa lafudhi ya Kikamba iliyowachekesha wote wawili. Kabla ya kushusha mtungi, Yieyo Sein alimimina maji kidogo kwenye kifuniko, akanywa yeye kwanza, kisha akampa mama aonje. Hakuwahi kuuza mtungi bila kufanya hivyo. Nilidhani ni kiu.

Barafu ziligandishwa kwa Mama Hodan, Msomali mwenye duka mbele ya ploti, ambaye peke yake alikuwa na friji ile kubwa ya kulala, yenye mlango wa juu. Alitupa nafasi upande wa kushoto, na watoto wake wakala barafu bila kulipa. Saa za kutoka shule, foleni ilianzia mlangoni kwa Mama Hodan mpaka barabarani. Unang'ata kona ya karatasi, unafyonza, utamu wote unakuja mbele, na mwishowe unabaki na kipande cheupe kisicho na ladha ambacho unamtupia kuku. Mama yangu alikuwa nyumbani nikitoka shule, mikono yake ikinuka ukwaju, na mimi nilikuwa mtoto wa mama wa barafu. Sijawahi tena kuwa na cheo kikubwa hivyo.

Mama Purity alikaa chumba cha nne. Alikuwa mnene wa sauti, mtu wa kanisa, na alipenda kuingia kwetu bila kubisha.

"Mama Mwende, hii yako inakuwanga tamu hivi aje?"

"Ni maji tu na mkono," mama akasema.

"Nionyeshe basi, dadangu. Si ati nitakuibia."

Mama akamwonyesha. Alimwonyesha kila kitu, hata namna ya kuminya hewa. Alimpa kipande cha kile kitambaa cheupe, akamwambia Yieyo Sein amletee naye maji tamu. Baada ya wiki mbili, kando ya sinia letu ndani ya friji, kulikuwa na karai la buluu limejaa barafu za Mama Purity. Mama hakukasirika. Alisema watoto wa Kitengela ni wengi, na kila mtu ana mkono wake. Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke, ingawa punda wa Yieyo Sein hawakuwahi kumpiga mtu teke. Teke lilitoka chumba cha nne.

Lilitoka pale kisimani, Jumamosi moja, wanawake wakifua. Purity alikuwa ameharisha siku tatu.

"Mimi sisemi mtu," mama yake akasema, kwa sauti ya kufika chumba cha nane. "Lakini kuna watu hapa hawachemshangi maji. Mimi yangu nachemsha saa nzima. Mtoto wa mwenzako si wa kuchezea."

Uongo. Mama aliyachemsha maji yake, nilimwona kwa macho yangu, ndani ya sufuria kubwa nyeusi. Lakini wanawake wote waligeuka kuangalia mlango wetu. Jumatatu mwalimu wetu akasema darasani kwamba ugonjwa wa tumbo umeingia, na watoto wasinunue barafu za "yule mama wa ukwaju." Kufikia mapumziko nilikuwa nimepewa jina: Taifodi. Taifodi kuja. Taifodi usiguse mpira. Aliyenipa alikuwa Purity mwenyewe, aliyekwishapona, mdomo wake ukiwa wa njano kwa barafu ya embe ya mama yake.

Siku tatu mfululizo mama alirudi na sinia likiwa limejaa kama lilivyokwenda. Siku ya tatu alilishusha mlangoni, akakaa kwenye kiti chake kifupi, akaziangalia barafu zikiyeyuka. Kisha akazipasua moja moja, akamwaga. Vumbi likawa matope ya rangi ya ukwaju na siafu wakaja kwa mistari. Hakulia. Ningemsamehe Mama Purity mambo mengi kama mama angelia.

Wiki iliyofuata mama aliandikwa kazi kwenye shamba la maua. Aliondoka gizani na kurudi jua limezama, mikono imechanwa na miiba ya waridi, nguo zikinuka dawa kali iliyonifanya nipige chafya. Mimi nilivishwa ufunguo shingoni kwa uzi. Nilitoka shule nikafungua kufuli, nikala ugali wa jana kwenye chumba kilichokoma kunuka chochote. Nje, foleni ilikuwa ya Mama Purity. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto: barafu zake zikiisha, watu watarudi kwa mama, na mama atarudi nyumbani. Hilo ndilo nililotaka, mama akae nyumbani. Na nilitaka pia yule mama aaibike mbele ya watu, alie, na mimi niwepo. Sitadanganya kwamba la kwanza lilikuwa kubwa kuliko la pili.

Nafasi ilikuja Ijumaa. Kanisa lao lilikuwa na mkutano mkubwa siku ya pili yake, wageni wangekuja kutoka hata Rongai, na Mama Purity alikuwa amejitangaza kuwa ataleta barafu mia za ukwaju. Mchana aliyachemsha maji yake kwa mbwembwe, mlango wazi, tumwone. Akachanganya kwenye ndoo, akaonja, akasifu mkono wake mwenyewe, akaacha ndoo kizingitini ipoe chini ya kitambaa. Kitambaa chetu. Kisha akaenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Nilichukua pakiti ya chumvi kwenye kabati letu, ilikuwa mpya, mama hajaifungua. Niliipasua kwa meno. Niliimimina yote. Nilikoroga kwa mwiko wake mpaka chembechembe zikaacha kukwaruza chini ya ndoo. Nilihesabu tu kwamba zingekuwa mbaya mdomoni mwa wachungaji. Sikujua kwamba chumvi huizuia barafu kuganda. Nilirudisha kitambaa, nikaenda kuruka kamba, na nakumbuka niliruka vizuri kuliko siku zote.

Usiku Mama Purity alizifunga bila kuonja tena, akazipeleka kwenye friji. Kesho yake asubuhi tulisikia ukelele dukani. Mama hakuwa na zamu, tukatoka pamoja. Mama Purity alikuwa amevaa sare ya kwaya, ameshika barafu yake moja inayoning'inia kama titi la mbuzi mzee. Zote mia zilikuwa hivyo, maji maji, na uji kidogo wa barafu katikati.

"Friji yako imekufa!" alimfokea Mama Hodan.

"Wallahi friji yangu iko sawa," Mama Hodan akasema, akatoa nyama ngumu, akaigonga kwenye mlango wa chuma, ngo, ngo. "Hii pia imekufa? Tafuta shida kwako."

Mtu mmoja akapasua barafu akaonja, akatema. Mwingine akaonja, akatema. "Chumvi!" Nami nilisimama nyuma ya leso ya mama nikiwa na raha tumboni ambayo sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu.

Kwingine kokote duniani wangesema kuna mtu ametia chumvi. Lakini sisi tulikuwa watu wa Kitengela, na kwetu chumvi ilitoka ardhini. Kila birika lilikuwa na ukoko wake mweupe. "Ni maji ya kisima," akasema mmoja. "Umeyachemsha saa nzima, Mama Purity, chumvi ikabaki ikakaza." Wote wakaitikia, ndiyo, ndivyo inavyokuwa. "Basi nimeuziwa maji ya kisima kwa bei ya maji tamu," akasema Mama Purity, na wakati huohuo punda wawili wakatokea kwenye kona ya ploti, na Yieyo Sein nyuma yao.

Hawakumpa hata nafasi ya kusalimu.

"Unachota hapa nyuma, unatuzungusha ati umetoka mbali!"

"Mimi naleta maji tamu," Yieyo Sein akasema. Alimimina kwenye kifuniko, akanywa, akamnyooshea Mama Purity. "Onja."

"Siwezi onja uchafu wako."

Akamnyooshea mwingine, huyo akarudi nyuma. Mwingine, akageuza uso. Mkono wake ulizunguka nusu ya lile duara la watu, mpaka ukafika kwa mama yangu. "Mama Mwende. Wewe unajua maji yangu. Onja, useme."

Mama hakuchukua kifuniko. Aliokota barafu moja kwenye karai la buluu, akaipasua, akaweka tone kwenye ulimi. Akafumba jicho moja. Mtu aliyepika miaka yote hiyo anajua chumvi ya pakiti na ya kisima, ya pakiti haina uchungu. Akafumbua jicho, akanitazama mimi. Halafu akamtazama Mama Purity, aliyekuwa ameanza kulia ndani ya sare yake ya kwaya, wageni wa Rongai wakiwa njiani.

"Mimi siku hizi sifanyi barafu," mama akasema. "Sijui."

Yieyo Sein akafungua mitungi yote minne, mmoja baada ya mwingine, akayamwaga yale maji mbele ya duka, Januari ile, ng'ombe wakifa kwa ukame mbugani. Yalitambaa hadi kwenye viatu vya Mama Purity na hakuna aliyesogea. Akawageuza punda wake, akaenda.

Nilidhani angerudi Jumatatu. Sisi watoto tuligombana asubuhi, jioni tukagawana kiazi. Nilidhani wakubwa nao ni hivyo. Hakurudi Jumatatu, wala wiki ile, wala mwaka ule. Tulikunywa maji ya kisima. Chai ikawa ya kisima. Mama Purity alijaribu barafu mara moja tena, watoto wakatema, akaacha. Watoto wa kanisani walimtungia wimbo wa kuzicheka barafu zake, nilisikia, na nilicheka mpaka nikalala chini. Ikanichukua muda kuelewa kwamba mama naye, bila maji tamu, hakuwa na barafu za kutengeneza. Foleni yake sikuiona tena. Alibaki kwenye maua miaka yote mpaka kifua chake kikakataa.

Nyumbani hakunipiga. Jioni ile alifungua kabati, akafunga. Tulikula sukuma wiki isiyo na chumvi. Kesho yake maharagwe yasiyo na chumvi. Tulikula hivyo hadi mwisho wa mwezi, naye akitafuna polepole akinitazama. Nilidhani hana pesa ya chumvi, nikamhurumia, nikaapa kumchukia Mama Purity zaidi kwa kutufikisha hapo. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ile ilikuwa hukumu yangu, na kwamba naye alikuwa akiila sahani kwa sahani pamoja nami.

Miaka ya elfu mbili ilinikuta nikifanya kazi Kajiado mjini. Mama alikuwa ameshazikwa. Siku moja ya soko nikapita safu ya wanawake wanaouza maziwa, nikaona mkono ukimimina maziwa kidogo kwenye kifuniko, ukaonja kwanza, kisha ukampa mteja. Nilimjua kwa huo mkono. Alikuwa amezeeka.

"Takwenya," nikasema.

"Iko." Akanitazama. "Wewe ni wa Mama Mwende. Uko na mdomo wake."

Nikachuchumaa mbele ya madumu yake na kumwambia. Chumvi, pakiti, mwiko, yote. Nilisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama, na nilitarajia machozi, labda aniwekee mkono kichwani, kwa kuwa nilikuwa mtoto.

"Hiyo najua," akasema.

"Unajua?"

"Mama yako alikuja kwangu. Alitembea mpaka akafika. Akalia, akasema ni mtoto wake. Nikamwambia, hapa kwangu ukilia, nani anasikia? Ng'ombe? Rudi pale kwa mlango ya duka, sema mbele ya wale watu. Akasema hawezi. Akasema yule mwanamke atamcheka." Akafunga dumu lake kwa nguvu. "Niliuza punda. Kila ploti walisikia mimi ni mwizi wa maji. Mpaka kule Tuala, kwetu, walisikia. Mama yako aliogopa kuchekwa."

Nimemchukia Mama Purity maisha yangu yote, na bado namchukia, lakini mwanamke aliyekuwa mbele yangu hakujali hata jina lake.

"Mama yako yuko?"

"Alifariki."

"Basi wewe," akasema. Akainuka, akaita kwa Kimaa, na wanawake wa safu ile wakaacha maziwa yao wakaja, mmoja baada ya mwingine, wakatuzunguka. Wateja nao wakasimama. Palikuwa na watu niliofanya nao kazi ofisi moja. "Sema," akaniambia.

Nikasema. Kwamba maji yalikuwa tamu. Kwamba chumvi niliitia mimi. Kwamba mama yangu alionja akajua, akanyamaza.

"Hawa wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti ya kufika nyuma. Mtu akacheka. Nilifikiri tumemaliza, nikaanza kuokota mkoba wangu. Upande wa pili wa safu, mwanamke aliyekuwa akifunga mzigo wake aliuliza kuna nini. Yieyo Sein akamwashiria aje karibu, akamtengea nafasi mbele kabisa, kisha akanigeukia.

"Huyu amechelewa," akasema. "Anza mwanzo."